Kipimo cha Damu na Dhana Mbaya

Darsa yetu ya leo ni juu ya jambo ambalo katika miji yetu husemwa kwa kunong'onezana tu, nalo ni kupimwa damu kwa ajili ya kaswende na maradhi mengine yaambukizwayo kwa kuingiliana. Tumeona ni wajibu kulisema wazi, kwani katika kunong'onezana huku yamezaliwa madhara mawili. La kwanza, wako wanaokikimbia kipimo kwa kuogopa kusemwa, na huku maradhi yanawala ndani kwa ndani. La pili, wako wanaokichukua kipimo wakakifanya kadhi: ikitoka jawabu ya hospitali kuwa fulani ana maradhi, hapo hapo huhukumiwa kuwa amezini, na nyumba ikavunjika.

Madhara haya mawili ni baba na mwana, kwani la pili ndilo lililolizaa la kwanza. Lau watu wasingaliogopa hukumu ya jirani na ya mume, wengi wangalikwenda kupimwa na wakapona. Kwa hivyo makusudio yetu ni kubainisha, kwa ilimu ya matabibu kisha kwa sharia, kwamba kipimo cha damu humwonyesha tabibu maradhi ya kutibu, wala hakiwezi kumtolea mtu ushahidi wa zinaa.

Maradhi yenyewe

Kaswende, ambayo wazee wetu waliita pia sekeneko, huletwa na kijidudu chembamba kilichojipinda mfano wa parafujo, kisichoonekana kwa jicho tupu. Waliokiona mara ya kwanza ni Wajerumani wawili, Fritz Schaudinn na Erich Hoffmann, katika mwaka wa 1905.

Maradhi haya huja kwa daraja, na kila daraja ina hila yake. Daraja ya kwanza ni kidonda, aghlabu kimoja, ambacho hutokea yapata wiki tatu tangu kuambukizwa. Hila yake ni kuwa hakiumi, na hupona chenyewe hata bila ya dawa, na kwa mwanamke huenda kikawa ndani asikione kabisa. Daraja ya pili hufuata baada ya wiki kadhaa au miezi: vipele mwilini, hata katika viganja na nyayo, pamoja na homa na mitoki. Navyo pia huondoka, na mgonjwa hudhani kuwa amepona. Kisha huja daraja ya kujificha, nayo yaweza kudumu miaka mingi bila ya dalili yoyote, na hapana kinachoyafichua maradhi isipokuwa damu. Mwisho wake, kwa baadhi ya watu wasiotibiwa, maradhi huingia katika moyo, ubongo na macho, yakaleta wazimu, upofu na kifo.

Lakini lililo zito zaidi ni lile linalompata mtoto aliyomo tumboni. Mama mwenye kaswende huweza kumwambukiza mtoto kabla hajazaliwa. Mimba ikaharibika, au mtoto akazaliwa mfu, au akazaliwa kabla ya wakati wake, au akazaliwa hai naye ana maradhi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa katika mwaka wa 2022 wanawake waja wazito milioni 1.1 walikuwa na kaswende ulimwenguni, na kwamba mimba zaidi ya 390,000 zilipatwa na madhara kwa sababu hiyo.

Na kwa mfano wa karibu, tutazame Mwanza, ng'ambo ya Ziwa Viktoria. Uchunguzi wa wanawake waja wazito wa huko ulichapishwa mwaka wa 2002. Wale waliokuwa na kaswende yenye nguvu katika damu, na hawakupimwa wala kutibiwa, mmoja katika kila wanne alizaa mtoto mfu. Wasiokuwa na maradhi, ilikuwa ni kama mmoja katika mia. Ama wale waliopimwa, wakaonekana wanayo, wakadungwa sindano moja ya penisilini, walizaa sawasawa na wenzao wasiokuwa na maradhi. Basi na ajiulize kila baba: ni aibu gani hii ambayo bei yake ni mtoto mmoja katika wanne, na dawa yake ni sindano moja?

Jinsi damu inavyopimwa

Mwili unapovamiwa na kijidudu hujitengenezea askari wa kupigana nacho, na askari hao huzunguka ndani ya damu. Katika kaswende, mpimaji hakitafuti kijidudu chenyewe katika damu, bali hutafuta alama za vita hivyo. Njia hii aliivumbua August von Wassermann pamoja na wenzake huko Berlin mwaka wa 1906, na baadaye zikaja njia nyepesi zaidi.

Leo vipimo vya kaswende ni vya namna mbili, na ni muhimu msomaji azipambanue. Namna ya kwanza, kama kile kiitwacho RPR, hupima nguvu ya vita kwa hesabu: maradhi yakiwa makali hesabu hupanda, na mtu akitibiwa hushuka. Namna ya pili hutafuta askari walioumbwa kwa ajili ya kijidudu hicho khasa. Askari hawa, kwa watu wengi, hubaki katika damu umri mzima, hata baada ya mtu kupona kabisa. Tutarejea katika jambo hili mbele, kwani hapa ndipo watu wengi hudhulumiwa.

Kipimo cha haraka kinachotumika sasa katika kliniki nyingi ni cha namna hii ya pili. Huchomwa ncha ya kidole, likachukuliwa tone la damu, na jawabu hupatikana kwa muda wa dakika 15 hadi 20. Kiko kipimo kimoja ambacho kwa tone moja hutafuta kaswende na virusi vya ukimwi pamoja. Cha kwanza cha aina hiyo kilikubaliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka wa 2015, na mwaka wa 2019 shirika hilo likazishauri nchi zikitumie kwa waja wazito. Kenya ni miongoni mwa nchi zilizokitia katika kliniki zake. Bibi zetu walikuwa wakiogopa mumiani, kwamba wako watu wanaonyonya damu za wenzao wakaziuze. Tone hili ni dogo sana, na halina safari nyingine baada ya kipimo.

Yako mambo mawili ya kutahadhari. Kwanza, damu haisemi mara moja. Aliyeambukizwa kaswende jana, damu yake haitaonyesha kitu mpaka zipite wiki kadhaa. Na kwa virusi vya ukimwi, mtu hurudia kipimo baada ya miezi mitatu ili awe na yakini. Pili, si kila maradhi ya namna hii huonekana kwa kipimo cha damu. Kaswende, virusi vya ukimwi na homa ya ini ya aina ya B hujulikana kwa damu. Ama kisonono, klamidia na trikomona, hayo hutafutwa katika mkojo au katika ute wa mahali pa siri. Basi asijidanganye mtu kwa kusema kuwa damu yake ni safi, ilhali ana dalili za kisonono naye hakupimwa mkojo.

Khabari ya Migori na Homa Bay

Tumechagua mfano wa Migori na Homa Bay, kusini ya Nyanza, kwa sababu huko jambo hili limechunguzwa na kuandikwa kwa hesabu kuliko pahali pengi katika Kenya. Wala msomaji wa pwani asiseme kuwa hayo ni mambo ya bara, yasiyomhusu. Kendu Bay, katika Homa Bay hiyo hiyo, wako Waislamu wa Kijaluo wa miaka mingi, na misikiti yao iko. Na bandari ni bandari, ikiwa ni ya ziwa au ya bahari: wavuvi wanaolala mbali na wake zao, wanawake wanaotafuta riziki kwa kuuza samaki, madereva wanaopita mpakani Isebania, wachimbaji wa dhahabu wa Macalder. Kando ya Ziwa iko ada mbaya iitwayo jaboya, ambayo mwanamke maskini hupewa samaki wa kuuza kwa sharti la kujitoa mwili wake kwa mvuvi. Anayedhani kuwa umaskini haumlazimishi mwanamke mambo kama hayo katika miji yetu, hajauliza.

Katika uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka wa 2018, watu wazima wenye virusi vya ukimwi walikuwa karibu 5 katika kila 100 kwa Kenya yote. Katika Migori walikuwa kama 13, na katika Homa Bay walikaribia 20. Na maradhi haya ni majirani: kidonda cha kaswende humfungulia mlango virusi vya ukimwi, na mwenye moja aghlabu huhofiwa la pili.

Baina ya mwaka wa 2007 na 2009 ulifanywa uchunguzi katika kliniki za waja wazito za upande wa Migori. Wanawake 1,525 ambao hawakuwa wakijua hali zao waliulizwa, kabla ya kupimwa virusi vya ukimwi, wanatarajia nini ikiwa jawabu itatoka kuwa wanavyo. Karibu thuluthi moja walitarajia kuachana na waume zao. Zaidi ya hao walitarajia kupotewa na marafiki. Kisha ikaonekana kwamba wale waliomwogopa mume walikikataa kipimo zaidi ya mara mbili kuliko wasiomwogopa. Tutafakari sana hapa. Wanawake hawa hawakuiogopa sindano, wala hawakuwaogopa wauguzi, wala hapana aliyewaambia kuwa kipimo ni haramu. Walimwogopa mtu wanayelala naye nyumba moja.

Wataalamu wa huko hawakuishia katika kulaumu. Walijaribu njia nyingine, kwa jina la Kiswahili la Jamii Bora: washauri waliofunzwa waliwatembelea mume na mke pamoja nyumbani kwao wakati wa mimba, wakawazungumza kwa upole, na wakawapima pamoja wakikubali. Wanandoa waliopimwa pamoja kwa njia hii walikuwa zaidi ya maradufu ya wale walioachiwa waende kliniki wenyewe. Waume wale wale walioogopwa, walipoendewa kwa heshima, wengi walikubali.

Njia ya pili ilijaribiwa kuanzia 2013 katika vijiji 32 vya Kenya na Uganda, na vile vya Kenya vilikuwa pande hizo hizo za Ziwa. Watu waliitwa katika kambi za afya, wakapimwa mengi kwa mara moja: msukumo wa damu, sukari, malaria na virusi vya ukimwi. Aliyeonekana akiingia hakuna ajuaye amefuata nini, na kwa hivyo hapana wa kumnyooshea kidole. Wasiokuja walifuatwa majumbani. Karibu watu wazima tisa katika kila kumi walipimwa. Huo ndio sitara iliyofanya kazi.

Na matunda yake yameonekana. Huko Ndhiwa, katika Homa Bay, uchunguzi wa mwaka wa 2012 ulionyesha kuwa 24 katika kila watu wazima 100 walikuwa na virusi vya ukimwi, na wengi wao hawakujua. Ulipofanywa tena mwaka wa 2018, zaidi ya tisa katika kumi ya wenye virusi walikuwa wanajijua, na zaidi ya tisa katika kumi ya wanaojijua walikuwa wanatumia dawa. Watu waliokuwa wakizikana kila wiki wamerejea mashambani na katika mashua zao.

Damu si shahidi

Sasa tuje katika kiini cha darsa. Mtu akiambiwa kwamba damu yake imeonyesha kaswende, je, imethibiti kuwa amezini? Twasema hapana, kwa sababu tano.

Ya kwanza, damu haina tarehe. Tumekwisha kusema kuwa maradhi haya hujificha miaka mingi. Kipimo cha leo hakimwambii mtu kama aliambukizwa mwezi uliopita, au katika ndoa ya kwanza ya mume aliyekwisha kufa, au alizaliwa nayo.

Ya pili, aliyepimwa kwanza siye aliyeambukizwa kwanza. Mwanamke hupimwa kwa kuwa amechukua mimba na amekwenda kliniki. Mume hana siku ya kupimwa. Basi mara nyingi maradhi huingia nyumbani kwa mlango wa mume, yakajulikana kwa damu ya mke. Naye mume aliyeyaleta ndiye anayesimama kuwa mshitaki! Dhulma iliyoje!

Ya tatu, damu hukumbuka maradhi yaliyokwisha. Aliyetibiwa kaswende miaka 20 nyuma, akatubu na akapona, kipimo cha haraka huenda kikaonyesha alama mpaka siku ya kufa kwake. Ni kama kovu: kovu si kidonda. Ndipo tabibu hutaka kipimo cha pili chenye hesabu ili ajue kama maradhi yako hai.

Ya nne, buba. Wazee wetu wanaijua buba, maradhi ya ngozi ya watoto, yanayoambukizwa kwa kugusana tu, hayana uhusiano wowote na zinaa. Kijidudu cha buba na cha kaswende ni ndugu wa damu moja, na vipimo hivi haviwezi kuwapambanua. Mzee aliyeugua buba utotoni huenda damu yake ikasema maneno yale yale ya kaswende. Na kosa hili lilipata kuwafika watu wa nchi nzima. Katika mwaka wa 1908 daktari wa jeshi la Kiingereza, Kanali Lambkin, aliandika kwamba sehemu kubwa ya Waganda wameambukizwa kaswende, akaitupa sababu yake juu ya wanawake kupewa uhuru. Waliochunguza baadaye waliona kuwa katika hesabu ile mlichanganywa maradhi mengine, buba ikiwa mojawapo. Lakini doa lilikuwa limekwisha kuwaingia watu wasio na hatia.

Ya tano, kipimo huweza kukosea. Kile chenye hesabu pengine huonyesha maradhi yasiyokuwapo kwa sababu ya malaria, au maradhi mengine, au mimba yenyewe.

Haya ni maneno ya matabibu. Ama sharia, yenyewe imekwisha kuufunga mlango huu tangu zamani. Zinaa haithibiti ila kwa kukiri au kwa mashahidi wanne walioona kwa macho, na anayemsingizia mwenzake bila ya hao, hukumu humrudia yeye. Mume anayemtuhumu mkewe ana njia yake ya kuapizana mbele ya kadhi, nayo si njia nyepesi. Bali wanavyuoni wengi, na Mashafii ni miongoni mwao, wamesema kuwa hata mimba ya mwanamke asiye na mume haitoshi peke yake kuwa ushahidi wa zinaa, kwani huenda alilazimishwa au palikuwa na shubuha. Ikiwa mimba iliyo dhahiri kwa kila mwenye macho haikukubaliwa, itakubaliwaje alama nyekundu katika kijikaratasi, ambayo tabibu mwenyewe hawezi kusema ilianza lini na imetoka wapi?

Masuala na majawabu

Huenda mwenye kuuliza akauliza: Je, imamu au mwozeshaji aweza kukataa kufunga nikahi mpaka aletewe cheti cha damu? Jawabu: Kwa virusi vya ukimwi, sheria ya Kenya iliyopitishwa mwaka wa 2006 inakataza kumlazimisha mtu kupimwa kuwa ni sharti la ndoa. Lakini hapana sheria inayowakataza wachumba kukubaliana kwa hiari kupimwa wote wawili, na hilo ni jambo jema ambalo wazazi wangelisema mapema, kama wanavyosema mapema juu ya mahari. Mafakihi wa Kishafii wamehesabu ukoma, mbalanga na wazimu miongoni mwa aibu zinazompa mwenziwe haki ya kutaka ndoa ivunjwe. Basi mwenye kuyajua maradhi yake yanayoambukiza akayaficha, amemghushi mwenziwe.

Akiuliza: Na ikionekana kuwa mmoja anayo, posa ivunjwe? Jawabu: Kaswende hutibiwa ikapona, na ndoa ikafuata. Ama virusi vya ukimwi, mwenye kutumia dawa zake kila siku mpaka virusi visionekane tena katika kipimo, hamwambukizi mwenziwe kwa kuingiliana, na huweza kuzaa watoto salama. Uamuzi ni wa wawili hao, baada ya kujua. Tunalolikataza ni kutokujua, na kuitoa siri barazani.

Akisema: Kufanya vipimo na dawa kuwa rahisi si kuwasaidia wazinzi? Jawabu: Mzinzi hakungojea kipimo ndipo azini. Wanaoangamia kwa kukosekana kipimo ni mke aliyetulia nyumbani na mtoto ambaye hajaiona dunia. Na aliyekosa naye, mlango wa toba haukufungwa kwake. Je, tumfungie sisi mlango wa hospitali?

Akisema: Wazee walisema maradhi haya ni tego, aliyotegewa mke na mumewe. Jawabu: Wajaluo nao wana neno lao, chira, kwamba mtu aliyevunja miko ya ukoo hukonda mpaka akafa. Wengi walikufa kwa ukimwi huku jamaa zao wakitafuta mwiko gani umevunjwa. Sisi tusiwacheke, kwani tego letu ni chira yao kwa jina lingine. Kijidudu kimeonekana kwa macho tangu 1905. Mganga anayelipwa kwa kutegua tego humrudisha mgonjwa nyumbani na maradhi yake, naye huyapeleka kwa mkewe na kwa mwanawe.

Akiuliza: Dawa yake ni nini? Jawabu: Ni penisilini ya sindano. Kwa maradhi mapya hutosha mara moja. Kwa ya zamani, au yasiyojulikana yalianza lini, huwa ni sindano tatu, moja kila wiki. Mwenye mimba hana dawa nyingine ya kutegemewa kumfikia mtoto, na ni bora aipate mapema, angalau siku 30 kabla ya kuzaa. Ndipo tukasema kuwa kliniki ya kwanza iwe katika miezi mitatu ya mwanzo. Usiku wa sindano mtu huenda akashikwa na homa. Ni vijidudu vinavyokufa, na hupita kwa muda wa siku moja. Aliyepata kudhuriwa na penisilini na amwambie tabibu kabla. Na mume na mke watibiwe pamoja, wajiepushe na kuingiliana mpaka wote wamalize dawa na vidonda vipone, kwani akitibiwa mmoja peke yake, maradhi yatamrudia kutoka kwa mwenziwe.

Khitimisho

Basi ndugu zetu, tunalolitaka kwenu ni jepesi kulisema, nalo ni zito kulifanya. Mume ambaye mkewe amechukua mimba na afuatane naye kliniki, naye anyooshe kidole chake kichomwe kabla ya cha mkewe. Hapo atakuwa amemwondolea khofu ile iliyowafukuza wanawake wa Migori katika kipimo. Mke akirudi na jawabu mbaya, neno la kwanza la mume liwe ni kuuliza dawa hupatikana wapi, kisha aende naye. Wenye kusimamia misikiti na madrasa wanaweza kuwaomba watu wa afya waje kupima msukumo wa damu, sukari na maradhi haya kwa pamoja, ili aliyekuja asijulikane amejia nini. Na wauguzi walio katika jamaa zetu wajue kuwa siri ya mgonjwa ni amana, na mwenye kuitoa amekhini.

Ama yule ambaye jawabu ya damu imemfikia mkononi, akawa anatafuta nani wa kumlaumu, twamwomba ahesabu kwanza: maradhi yenyewe hupona kwa sindano moja au tatu, na jina la mwanamke aliyesingiziwa halina dawa.